Migomba ya Mwinga

Ndovu walishuka usiku kutoka milima ya Shimba. Kulipokucha, shambani kwa Mwinga Garama, bondeni Mkurumuji, hapakuwa na mgomba uliosimama. Ilikuwa mwaka wa 1962, na migomba hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama mkwe wake, Bimkubwa, tangu mumewe alipofariki.

Shemeji yake, Chirau, alikuja kuwapa pole. Akatazama matope yaliyokanyagwa, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hapa hapana shamba tena. Mchukue mama, mhamie kwangu Ukunda."

"Ahsante, shemeji. Lakini ndovu amekula cha juu. Cha chini hakukiona."

Mwinga alipiga magoti, akachimba. Chini ya migomba iliyovunjika, visiki vilikuwa vizima, vizito, vinatoka maji. Akavipasua kwa panga, kila kipande na jicho lake, akapaka majivu penye jeraha visije vikaoza.

"Njooni muone, Mwinga anazika mizoga!" majirani walicheka.

Maneno yalimchoma, lakini jembe hakuliweka chini. Alichimba mashimo mapya mbali na mapito ya ndovu, akayatia samadi ya mbuzi. Bimkubwa, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba, aliketi ukingoni akimpa vipande kimoja kimoja, na kila kimoja alikisomea bismillahi.

Masika yaliponyesha, ncha za kijani zilitoboa udongo. Kufikia vuli kila mgomba ulikuwa umezungukwa na watoto wake. Ndipo Boga, jirani aliyecheka kuliko wote, alipobisha hodi. Ndovu walikuwa wamemfikia yeye pia.

"Tulikukosea, dada. Tugawie mbegu."

Mwinga angeweza kumnyima. Badala yake alichukua panga, akampeleka hadi kwenye migomba yake mwenyewe, akamwonyesha mahali pa kukata watoto wake. Kesho yake akaja mwingine, na mwingine tena, mpaka bonde zima likawa na migomba ya uzao mmoja.

Desemba ya mwaka uliofuata, bendera mpya ya uhuru ilipopandishwa, ndizi za kupikia karamu zilitoka bondeni mzigo juu ya mzigo. Mgeni kutoka Msambweni akauliza ni za nani.

Bimkubwa, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu mtu, alijiinua kwa mkongojo ili asikike.

"Za mkamwana wangu," alisema. "Yule pale, aliyejitanda leso nyekundu. Anaitwa Mwinga."

Watu wakageuka kumtazama. Mwinga hakuinamisha uso.