Mchele wa Mgeni

Harufu ya majani makavu ya mwarobaini ikinifikia, hata nikiwa sokoni Tanga nimebeba mizigo ya punda watatu, nasimama kama nimeitwa jina.

Mama aliyatia kwenye debe la uvunguni ili wadudu wasile mchele. Kila alipopima mchele wa kupika, alichota kiganja kimoja akakitia katika debe hilo.

"Wa mgeni huo," alituambia.

"Mgeni gani asiyefika?" baba alinung'unika. "Wali wenyewe hautushibishi!"

Nami nilimwogopa huyo mgeni kuliko chui. Mtu wa kumaliza debe zima, mlangoni petu angepita vipi?

Siku moja baba, aliyekuwa seremala, alirudi na mkono umefungwa kitambaa mpaka kiwikoni. Tezo ilikuwa imemkata, na asiposhika tezo hatuli. Aliketi kitandani.

"Watoto watakula nini?" akauliza.

Mama akalivuta debe. "Mgeni keshafika, mume wangu."

Nikakimbilia mlangoni kuchungulia. Niliona mbuzi tu. "Yuko wapi, mama?"

"Huyu hapa," akasema, akiuonyesha mkono wa baba.

Baba akacheka mpaka kidonda kikamuuma. "Kaja bila hodi! Haya, mlishe, lakini asizoee."

Tulikula wali wenye uchungu wa mwarobaini mpaka nikadhani meno yangu yataota majani. Kidonda kikapona. Siku baba aliporudi kazini, mama alipima mchele wa jioni, na kabla hajainama, baba alikuwa keshalivuta debe kutoka uvunguni.