Siku Niliyong'oa Kayongo ya Chuo Kikuu

Nilitoka kwangu mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa Nairobi, kumpeleka binti yangu Atieno chuo kikuu, na moyoni nilikuwa nimeshaamua kurudi naye. Mzazi mwingine angechinja kuku. Mimi nilinuna wiki nzima. Alama zake zilikuwa nzuri, nikatarajia aitwe udaktari, lakini serikali ikamwita kilimo. Mimi ni fundi seremala. Jembe nililikimbia nikiwa kijana, huko kwetu karibu na ziwa, baada ya kuona mahindi ya mama yakidumaa msimu baada ya msimu. Sasa mwanangu alikuwa anakwenda kulisomea.

Mke wangu ndiye aliyetupatanisha. "Mpeleke, ujionee na macho yako," aliniambia. "Ukiona ni kulima tu, rudi naye. Mimi sitasema kitu." Atieno naye alikubali, ingawa alinitupia jicho ambalo nilijua fika amelirithi kwa mama yake.

Asubuhi na mapema tulianza safari kwa miguu. Nilijitwika sanduku la bati. Atieno alibeba jembe jipya nililolitia mpini mimi mwenyewe, mpini wa mti mgumu niliopiga msasa mpaka ukateleza. Sikutaka aende, lakini pia sikutaka mtoto wa fundi aonekane na mpini mbovu. Jembe lenyewe tulilifunga ndani ya gunia ili majirani wasilione. Nao majirani hawakukosekana. Mama Awuor, jirani yetu anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa ameshatandika biashara yake.

"Baba Atieno, mnahamia wapi na hiyo sanduku?"

"Napeleka mtoto university."

"Ai, mzuri sana. Atakuwa daktari?"

"Ni mambo ya sayansi," nilijibu, nikaongeza mwendo. Nyuma yangu nilimsikia Atieno akicheka.

Kawangware tulifika jua limeshapanda. Huko anaishi shemeji yangu Ochieng, fundi viatu kando ya soko, mtu ambaye ulimi wake kweli hauna mfupa. Alitupa chai na mandazi, kisha akalifungua gunia bila kuuliza.

"Shemeji, hii jembe ni ya nini? Huko si wanasoma na vitabu?"

"Kilimo ni jembe," nilimwambia.

"Basi wangeita wewe. Mbona wameita yeye?"

Atieno alicheka mpaka chai ikampalia. Mimi pia nilitamani kucheka, lakini nilikuwa bado nimenuna, na mtu akishanuna kuacha katikati ni aibu. Ochieng aliazima mkokoteni wa jirani yake, akatusukumia sanduku hadi kwenye lango la chuo, akatuaga.

Chuoni wazazi tulipokewa vizuri. Mwalimu mmoja, mama wa makamo aliyevaa gambuti, alitutembeza. Tuliona ng'ombe wa maziwa, tukaona maabara ambamo kijana kutoka Ethiopia alikuwa akipima udongo uliotiwa kwenye vichupa. Mimi nilikuwa natafuta kasoro tu. Mwishowe tukaingia kwenye banda la nailoni, lenye safu za ndoo zilizopandwa mahindi, na ndani ya ndoo hizo, katikati ya mahindi, kulikuwa na kayongo.

Aliyelima kwetu anaijua kayongo. Ni gugu fupi lenye maua ya zambarau, zuri la kutazama, na likitokea shambani mahindi yamekwisha. Utotoni likionekana tu, mama alitucharaza fimbo kwa kupalilia kivivu. Samaki mkunje angali mbichi, nasi tulikunjwa barabara. Kwa hiyo siku ile mkono wangu haukuniuliza. Niliinama, nikaikamata kayongo shinani, nikaing'oa, nikang'oa na ya pili. Nilikuwa naifuata ya tatu kijana mmoja alipokuja mbio.

"Shikamoo mzee, naomba uache," alisema, mikono kichwani. Kwa kuwa alinisalimu kwanza hata katika balaa lile, nilijua ni Mtanzania. "Hiyo nimeiotesha mwenyewe. Ndiyo utafiti wangu."

"Unalea kayongo?"

"Kwetu tunaiita kiduha, mzee. Ndiyo, nailea."

Atieno alikuwa ameinamisha kichwa. Niliona haya kwelikweli. Kama kulikuwa na mtu wa kurudishwa nyumbani, ni mimi.

"Mzee, mbona umeing'oa?" mwalimu aliniuliza, bila hasira.

"Ndivyo tulifunzwa. Ukizembea, inamaliza mahindi."

Mwalimu alisema ndoo imeshaharibika, basi na itufundishe. Akaipindua, akaisuuza mizizi ya mahindi kwenye maji, akanionyesha. Mizizi ya kayongo iliyobaki ilikuwa imeng'ang'ania ile ya mahindi kama mtoto kwenye titi.

"Inanyonya huko chini kabla hujaiona," alisema. "Ikichomoza, imeshafanya kazi yake. Kuing'oa kunazuia isimwage mbegu, lakini hayo mahindi yameshaumia. Tunatafuta mahindi ambayo kayongo haiwezi kuyashika. Tukipata, huyu ataenda nayo Tanzania, na yule mwingine Ethiopia. Hii gugu haijui mpaka."

"Kwa hivyo hata tungepalilia vizuri?"

"Hata mngepalilia vizuri, mzee."

Nilibaki nimechuchumaa. Sitaficha, machozi yalinilengalenga. Nilikuja Nairobi nikiamini nimeshindwa na shamba kwa uvivu wangu, na miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia mtu.

"Baba, turudi?" Atieno aliniuliza polepole.

"Wewe kaa," nilimwambia. "Mimi ndio nirudi, kabla sijang'oa ingine."

Hapo Mtanzania alicheka. Nilimwomba radhi, akasema anazo ndoo nyingine. Nikamfungulia gunia, nikamwachia lile jembe. Aliupapasa mpini, akasema pale chuoni hakuna mwingine kama huo, na sikubishana naye.

Jioni nilipita tena kwa Mama Awuor, gunia tupu begani.

"Umeacha daktari huko?"

Nilisimama. "Anasomea kilimo. Huko wanatafuta vile wataweza kayongo."

Aliacha kupima omena. "Kayongo ya kwetu?"

"Hiyo hiyo."

"Basi akipata dawa, mniambie mimi kwanza," alisema. Naye ana shamba nyumbani.

Mke wangu alitazama nyuma yangu, akaona sikurudi na mtu, akanipakulia ugali akitabasamu. Nilikwenda kutafuta kasoro ya chuo, nikarudi nimeondolewa kasoro ambayo haikuwa yangu. Krismasi tutakwenda nyumbani. Mama bado yu hai. Nataka Atieno ndiye amweleze, kwa Kijaluo chake cha Nairobi, kwamba watoto wake walipalilia vizuri.