Goti la Msabah

Mwaka wa sitini na tisa, Bi Mashavu aliposikia kwamba mumewe anacheza tena mpira wa kikapu, nusura adondoshe sahani. Msabah huyu huyu, aliyevunjika goti, ambaye mpaka leo husujudu juu ya kiti kwa kuwa mguu haukunjiki!

"Yarabi, kumbe anamdanganya Mungu?" Akajitanda buibui, mbio mpaka uwanjani.

Alimkuta kasimama karibu na goli kama nguzo. Wenzake wakikimbia, wakimpa mpira. Naye, bingwa wa kuruka wa zamani, hakunyanyua hata kisigino. Alirusha kwa mikono tu, na mpira ukaingia.

"Mashavu! Umefuata nini?"

"Nimefuata goti lako!"

Watu wakaangua kicheko. Mara Msabah akakumbwa na mchezaji mmoja, akaanguka chali, mguu umenyooka kama mpini, asiweze kuinuka mpaka wakamnyanyua watu wawili.

 Mashavu akaenda kumpangusa vumbi.

"Nisamehe, mume wangu. Nlidhani unafanya mzaha na sala."

"Lau goti lingekunjika, mke wangu," akasema Msabah, "ningeanza kwa sijda."