Eucabeth Nyamusi na Lori la Osoro

Karakana ya Eucabeth Nyamusi iko nyuma ya soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, pale vibanda vya mitumba vinapoishia na harufu ya dizeli kuanza kushindana na ya ndizi mbivu. Haina kibao. Anayeitafuta huambiwa aende moja kwa moja mpaka aone injini zimelala chini ya mabati, kisha amwulizie Mama Cynthia, kama anavyoitwa pale. Wateja wapya humkuta ameinama ndani ya boneti, humsalimu, halafu humwuliza fundi yuko wapi. Miaka ya kwanza swali hilo lilimchoma. Siku hizi hunyoosha mgongo, hupangusa mikono na kuuliza gari lina shida gani.

Alizaliwa Sironga, katika nyumba ya watoto saba iliyotegemea majani chai. Alipomaliza shule alipelekwa chuo cha ufundi kujifunza kushona. Darasa la ushonaji liligawana ukuta na la makanika, na mwezi mzima Eucabeth alishona kola huku masikio yake yakiwa upande wa pili. Mwezi wa pili alihama darasa bila kumwambia baba yake. Mzee aligundua mwisho wa muhula, alipompa kitambaa amshonee suruali ya kanisani. Baadaye alifanya kazi miaka tisa chini ya Obadiah, fundi wa injini za dizeli kule Masimba, mtu wa maneno machache aliyemfundisha kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, asikilize kila chuma kinasema nini. Obadiah alipostaafu, Eucabeth akaja mjini, akajitegemea.

Osoro alimjia mwaka juzi, mwezi wa tatu. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na minane kutoka upande wa Nyamira, mpole, mwenye lori moja alilolinunua kwa jasho la maisha yake yote. Alikuwa akipakia ndizi za kina mama wa kwao na kuzipeleka Nakuru. Lori lilitoka kiwandani na turbo yake ndogo, ile ya kuisukumia injini hewa ili ipate nguvu zaidi. Kwenye barabara ya tambarare ilitosha. Lakini baada ya Kericho, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Mau Summit, lori likiwa na mzigo lilitambaa hata watembea kwa miguu wakawa wanaligeukia kulitazama. Wenzake walimpita wakipiga honi. Akifika Nakuru, wanunuzi wazuri walikuwa wameshajaza magari yao na kuondoka, na ndizi za kina mama wake zikawa zinachaguliwa kama mabaki.

Alitaka afungiwe turbo kubwa. Eucabeth alimweleza kwamba turbo peke yake haitoshi, kwa maana hewa nyingi inakuja na joto jingi, na joto ndilo linaloua injini. Itabidi waweke turbo kubwa kiasi, intakula pana ya kuipoza ile hewa kabla haijaingia, injekta za kutoa dizeli zaidi, bomba pana la kutolea moshi, na geji ya joto mbele ya macho ya dereva. Osoro alifikiri wiki mbili, akarudi akasema sawa.

Turbo ilinunuliwa katika duka la spea la akina Ratilal, familia yenye asili ya Kihindi pale mjini. Mzee Ratilal siku hizi hukaa tu kwenye kiti chake karibu na mlango. Anayeendesha duka ni Sejal, mke wa mwanawe, mwanamke mwenye miwani mizito ajuaye namba za spea kama wengine wajuavyo siku za kuzaliwa za watoto wao. Sejal ndiye aliyekuwa wa kwanza mjini kumwuzia Eucabeth spea bila kumwuliza ametumwa na fundi gani. Aliagiza turbo hiyo kutoka Nairobi, na ilipofika walilinganisha namba pamoja, tarakimu kwa tarakimu.

Kazi ilichukua siku tano na ilienda vizuri. Alhamisi jioni, ikiwa imebaki kuunganisha kipaipu cha oili kinachoingia kwenye turbo, gasketi ndogo ya karatasi, ile ya kuzuia oili isivuje, ilimchanikia mikononi. Nyingine haikuwepo. Osoro alikuwa amesimama pale akimwambia kwamba kina mama wameshakata ndizi, zinangoja barabarani. Eucabeth alichukua silikoni, ile gundi nyeusi ya mafundi, akapaka kidogo mahali pa gasketi, akafunga nati. Aliwasha injini. Hakuna tone lililovuja. Ijumaa Osoro alilijaribu lori huku na huku bila mzigo, akamshika Eucabeth mkono na kumwambia kwa Kikisii kwamba ni vizuri sana, "Mbuya mono, Mama Cynthia." Akaenda kupakia.

Osoro ni Mkatoliki, na Jumamosi kwake ni siku ya kazi kama nyingine. Eucabeth ni Msabato. Alizima simu Ijumaa jua lilipotua kama ilivyo desturi yake, akaenda kanisani na familia yake siku iliyofuata, akapumzika. Alipoiwasha tena Jumamosi jioni, alikuta Osoro amempigia mara kumi na moja.

Lori lilikuwa limekufa kabla ya kufika Londiani. Osoro alieleza kwamba lilikuwa likipanda vizuri, vizuri kuliko alivyowahi kuota, halafu akasikia kama filimbi inapulizwa ndani ya boneti, moshi wa buluu ukajaa barabara, nguvu ikaisha. Alizima injini papo hapo, na hilo ndilo lililoiokoa. Lakini ndizi zilishinda juani siku nzima, na nyingi ziliishia kugawiwa bure kwa wapita njia. Eucabeth aliposikia habari ya filimbi alijua turbo imekwenda. Alichokuwa hajui ni sababu. Usiku ule alimwambia mumewe, Onchiri, ambaye ni mwalimu, kwamba huenda waliuziwa kitu kibovu. Alisema hivyo, lakini kuna kitu kilikuwa kinamkwaruza moyoni, na hakukitaja.

Jumatatu asubuhi Sejal alimpigia simu akamwomba aje dukani upesi. Alimkuta Osoro ameweka turbo juu ya kaunta, imefungwa ndani ya gunia, na watu kama kumi wamejaa mlangoni. Osoro, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alikuwa akisema duka hili linauza vitu bandia, kwamba limewatupia kina mama wa Nyamira jasho lao barabarani. Waliokuwa nyuma yake walisema zaidi, na wengine walianza kusema mambo yasiyohusu turbo wala lori, mambo ya nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Mzee Ratilal alikuwa ameketi kwenye kiti chake akitazama sakafu. Amezaliwa Kisii, na watoto wake pia.

"Fundi amekuja," Osoro alisema. "Fundi afungue, atuambie."

Eucabeth aliomba spana. Alifungua turbo pale pale kwenye kaunta, juu ya gazeti, huku wote wakimwangalia. Mhimili ulikuwa umekatika, rangi yake imegeuka buluu kwa kuungua. Turbo huzunguka juu ya utando mwembamba wa oili. Ikikosa oili kwa dakika chache tu, inajiunguza yenyewe. Aligeuza upande wa tundu la oili akachungulia. Ndani palikuwa na kitu cheusi, laini, kama punje ya maharagwe.

Alikijua kabla hajakigusa. Ile silikoni aliyoipaka ilikuwa imebanwa na nati, ikajikunja kwa ndani, joto lilipopanda ikabanduka na kuziba tundu. Hakuna mwingine aliyekuwa amekiona. Hata kama wangekiona, wangedhani ni uchafu wa oili. Kidole gumba kimoja kingetosha kukifuta. Alifikiria karakana yake isiyo na kibao, na wale wote waliowahi kumwuliza fundi yuko wapi. Alifikiria kwamba jambo hili litawapa maneno ya mwaka mzima. Sejal akamwuliza kama anahitaji tochi.

"Hapana," Eucabeth alisema. Alikitoa kile kitu kwa ncha ya bisibisi, akakiweka juu ya gazeti. "Turbo haina makosa. Hii ni silikoni. Niliipaka mimi Alhamisi, gasketi iliponichanikia. Ndiyo iliyozuia oili. Mzee Osoro, lori lako limeharibiwa na mimi."

Watu walisogea kukitazama. Kisha mmoja nyuma alicheka, akasema yeye alishawaambia, mambo ya wanawake na injini ndiyo hayo. Osoro hakucheka. Alitazama ile punje nyeusi, akamtazama Eucabeth, akachukua kofia yake na kutoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Sejal alingoja mpaka mlangoni pasibaki mtu. Alikuwa ametukanwa tangu saa mbili. Alimwambia Eucabeth kwamba kampuni ya Nairobi haitakubali kuipokea tena turbo iliyozibwa na silikoni. Eucabeth akasema anajua. Aliomba aagiziwe moyo mpya wa turbo, ile sehemu ya katikati yenye mhimili, atalipa yeye. Sejal akaandika namba bila kuitafuta popote. Mzee Ratilal, akiwa bado kwenye kiti chake, alimwita mhudumu na kumwambia amletee fundi chai.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Wenye malori wawili walikuja kuchukua magari yao yakiwa yamefunguliwa nusu, wakayavuta kwa kamba mpaka karakana nyingine. Alipopita kwenye steji ya matatu, watu walipunguza sauti. Alimpigia Obadiah kule Masimba, akitarajia kufarijiwa au kufokewa. Obadiah alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ameshaosha njia zote za oili, kwa sababu vipande vingine vinaweza kuwa vimebaki ndani ya injini. Eucabeth akasema hajaliona lori tangu lilipoondoka karakana. "Basi nenda ukalione," Obadiah akasema, akakata simu.

Moyo wa turbo ulipofika, alikwenda nao hadi Nyamira, kwa Osoro. Lori lilikuwa limevutwa mpaka nyumbani, limefunikwa turubai. Purity, mke wa Osoro, alimpokea vizuri, akamkaribisha ndani na kumpa chai na ndizi za kuchemsha, akamwambia kwamba kati ya ndizi za Jumamosi ile zilikuwamo na zake. Hakulisema kwa ubaya, na kwa hiyo lilimwuma Eucabeth zaidi. Osoro aliingia akitoka kukata majani ya ng'ombe. Eucabeth alisimama, akamwambia amekuja kulitengeneza lori, hapa hapa uani, na hataki malipo.

Osoro alinawa mikono polepole. "Nitaketi pale pale," alisema. "Kila nati nitaiona kwa macho yangu."

"Ndivyo ninavyotaka, mzee."

Siku ya kwanza Osoro alikaa juu ya kreti la soda, amekunja mikono. Aliona jinsi Eucabeth alivyoosha njia za oili mara tatu, jinsi alivyotoa gasketi mpya kwenye mfuko wake na kumwonyesha kabla ya kuifunga, na nyingine mbili za akiba. Siku ya pili alianza kuuliza maswali. Aliuliza kwa nini injekta zinafungwa kwa mpangilio ule, intakula inapozaje, na geji ikifika wapi aondoe mguu. Kufikia mchana alikuwa akimpa spana kabla hajaitaja. Siku ya tatu Eucabeth alivua magurudumu, akamwonyesha breki zilivyolika, akamwambia kwamba gari lililoongezewa nguvu ya kupanda litashuka pia, likiwa na mwendo ambao breki hizi hazijauzoea. Osoro alizipapasa kwa kidole, akatikisa kichwa, akamtuma mtu kwa Sejal siku hiyo hiyo akanunue mpya.

Safari ya kwanza Eucabeth alipanda naye. Ndizi walizopakia hazikujaza lori, kwa sababu si kina mama wote waliothubutu. Walipita Kericho asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya chai. Mpando ukaanza. Eucabeth alifumba macho akasikiliza. Turbo ililia sauti yake nyembamba, sawasawa, bila kukwama. Mshale wa geji ulipanda mpaka mahali alipomwambia utapanda, ukatulia hapo. Lori moja la mchanga lililokuwa mbele yao liliwawashia taa za pembeni, likawapisha.

Karibu na kilele Osoro aliutazama mkono wake uliozoea kung'ang'ania gia. "Miaka kumi na minne nimepanda hapa kwa gia ya pili," alisema. "Sasa sijui huu mkono niuweke wapi."

Eucabeth alicheka mpaka machozi yakamtoka, na ilimchukua kilomita nzima kutambua kwamba si kicheko tu. Osoro alijifanya anaangalia kioo cha pembeni. Walifika Nakuru saa nne, wanunuzi wakiwa ndio kwanza wanateremsha mizani zao.