Kamera ya laptop ya dada

Leo nimemkosesha dada yangu kazi, na hajui kama ni mimi.

Ngoja niseme ukweli.

Wiki iliyopita tulikuwa na masomo ya mtandaoni, nikawa natumia laptop ya dada. Mimi kuangaliwa na watu siwezi kabisa. Basi nikaifuta draiva ya kamera, ile programu inayoifanya kamera iwake. Mwalimu nikamwambia kamera mbovu.

(Jamani, msinicheke.)

Leo saa tatu asubuhi dada alikuwa na usaili wa video. Kapiga pasi blauzi, kavaa hereni za mama.

"Dada Neema, hatukuoni," wakasema.

Kamera ya simu yake ilishakufa zamani. Akaniita, "We si ndo fundi wetu? Fanya fasta!"

Nikaanza kuipakua draiva upya. Mtandao wa huku Bangwe mnaujua. Ikafika nusu, ikaganda.

"Tunashukuru dada, tunaendelea na mwingine."

Wakakata.

Dada akanishika bega. "Usijali mdogo wangu, umejitahidi."

Akaenda kuvua hereni.

Hapo ndipo draiva ilipomaliza kushuka. Kamera ikawaka, na kwenye kioo nilikuwa mimi peke yangu.

Nyie mngemwambia?