Mwenye Gesti Achagua Gari

Tangu gesi igunduliwe baharini, gesti ile ya Palma haikukosa mhandisi hata chumba kimoja, na mwenyewe akaanza kujiona anastahili kupumzika. Mchana huketi barazani, fungu la funguo kiunoni, akipangusa kioo cha simu kwa pindo la kanga, anachagua gari. Si la kubebea mchele, la hasha. Alitaka gari la mbio, lile linaloinama kama linasujudu, linalokata kilomita mia tatu kwa saa likipata lami. Palma lami ilikuwa bado ahadi. Muuzaji wa Maputo alipoisifia injini kwenye simu, mwenye gesti alimwacha amalize, kisha akauliza kwa upole, "Rangi yake inaonekana kwa mbali?" Akaridhika na jekundu la viti viwili, maana hakuna shemeji atakayeomba lifti.

"Dada, litapita wapi na mchanga huu?" aliuliza mdogo wake, Sumaia.

"Wewe tazama taa zake."

Hakumwambia kwamba yule mume aliyemwacha kwa kumwona fukara hupita pale kila asubuhi na baiskeli yake.

Gari lililetwa kwa lori kutoka bandari ya Mocímboa, likashushwa mlangoni, likazama mchangani hadi tumboni. Kesho yake mtalaka akashuka kwenye baiskeli, akalizunguka, akasema kwa huruma, "Nikuitie vijana walisukume?"

Mwenye gesti, aliyekuwa amekaa ndani ya gari tangu alfajiri, akashusha kioo nusu.

"Ahsante," akamjibu. "Limeshafika."