Nilivyoitika "Abee" kwenye chemsha bongo ya redio, na baba anasikiliza

Wakuu, assalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Bibi yenu nina kisa leo, na sitii chumvi, maana hata daktari kanikataza.

Juzi nilikuwa naangalia TV, ile michezo ya wanafunzi wa sekondari kuulizwa mambo ya kompyuta. Swali halijaisha, kitoto kishabonyeza kitufe kishajibu. Wajukuu wanapiga makofi. Mimi nikaweka kikombe chini, hamu ya chai imeniisha.

Ngojeni niwaeleze kwa nini.

Ilikuwa karibu na uhuru, bendera ya Mwingereza bado iko juu. Sisi tunakaa Jomvu Kuu, Mombasa, mimi msichana nasoma Changamwe. TV hatukuijua. Redio ndiyo ilikuwepo, na ikaanzisha chemsha bongo ya mitambo kwa wanafunzi: umeme, injini, simu, na redio yenyewe. Mwalimu akanichagua mimi. Mjomba wangu alikuwa fundi wa redio, na nilikulia pale nikimpa bisibisi.

Tatizo baba.

Mpole, lakini neno lake moja. Kwake yeye sauti ya binti haivuki ukuta wa nyumba. Alikubali nisome kwa sharti: "Siku nitakayosikia sauti yako huko nje, shule imekwisha." Rafiki zangu wawili walikuwa wameshatolewa shule, mmoja keshaozwa. Kwa hiyo nilijua hanitishi tu.

Mama ndiye aliyesema niende. Chemsha bongo ni Jumamosi mchana, laivu, na baba atakuwa bandarini anapakua meli. Redio yenyewe mtaani ilikuwa moja, ya mgahawani. Nikamuuliza, je, watu wakimwambia?

"Tutasema wamefananisha. Kina Mwanaisha wamejaa pwani nzima."

Mama zetu hao, wakuu. Msiwaone vile.

Siku ikafika. Ukumbi wa shule umejaa, gari la redio liko nje, nyaya zinapita dirishani mpaka kwenye mikrofoni. Nimekaa, buibui limelowa jasho. Mara Rukia, jirani yetu, akapenya mpaka kitini kwangu akaninong'oneza:

"Mwanaisha, babako nimempita mgahawani. Leo meli haikuingia, wamerudishwa wote."

Nilitaka kukimbia, lakini njia imejaa watu. Nikaona madaftari yangu yanafungiwa maandazi.

Mtangazaji, bwana mmoja wa suti, akasoma sheria: neno la kwanza litakalotoka mdomoni ndilo jibu, hakuna kujirekebisha. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

"Ni kitu gani ndani ya redio kinachokuza sauti, Mwanaisha?"

Sasa nyinyi mliolelewa pwani mwajua. Mkubwa akikutaja jina, mdomo haungoji ruhusa yako.

"Abee."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Jibu si sahihi," akasema yule bwana.

Valvu, zile chupa za kioo ndani ya redio! Nilikuwa nazijua kama vidole vyangu. Lakini hata sikuwaza pointi. Niliwaza kwamba abee yangu imeshafika mgahawani, na hairudi.

Maswali yaliyobaki niliyajibu yote. Nadhani nilijua ndiyo siku yangu ya mwisho ya shule, nikataka iwe nzuri. Nikawa wa pili, nimepitwa kwa ile pointi moja.

Kurudi nyumbani niliomba njia irefuke. Kila niliyepishana naye nilimwona anajua. Niliogopa, wakuu, mpaka leo sijaogopa tena vile, na nimezaa mara sita.

Baba amekaa kibarazani. Mama amesimama mlangoni, macho chini.

"Mwanaisha."

"Abee, baba."

"Yule bwana wa redioni, kabla ya kukuuliza, alikuamkua?"

"La, baba. Hakunipa hata salamu."

Nikamsikia mama anavuta pumzi.

"Mgahawa mzima walicheka," baba akasema. "Mzee mmoja yeye hakucheka. Akauliza, binti wa nani huyu, kaitwa na mtu asiyemwamkua na bado kaitika abee? Nikanyamaza. Akauliza tena."

Akainuka, akavaa kofia yake kwenda kuswali.

"Nikamwambia, wangu. Jumatatu usichelewe shule."

Nilikaa pale pale chini nikalia.

Wajukuu wanasema bibi, ungejibu haraka ungeshinda. Pengine. Ila baba angesikia msichana hodari tu, na msichana hodari shule yake ilikuwa imekwisha. Kilichonirudisha darasani ile Jumatatu si valvu, ni ile abee.

Funzo langu ndilo hilo, mwenye lake aongeze. Nanyi, neno gani la nyumbani liliwahi kuwaponza au kuwaokoa mbele za watu? Andikeni, nasoma zote, ila polepole. Miwani imevunjika mkono.